Jino Lililolia Bila Kikombe

Mpaka leo nikisikia kijiko kikigonga kikombe uso wangu unawaka, na si homa, ni aibu, na kwa sababu nyinyi wote mshasikia hii maneno kutoka kwa watu wa foleni ya maji pale mfereji (ambao wameongeza chumvi, ati nilizimia, sikuzimia, nilikaa tu chini), wacha leo nieleze mimi mwenyewe, maana kama ni kuchekwa heri nichekwe kwa kitu ambacho nilifanya kweli.

Mnajua mimi kwa dada yangu Amina sina breki. Mama alituacha nikiwa sijui hata kufunga kamba ya nguo, na Amina ndiye alinibeba mgongoni akienda kuteka maji, yeye mwenyewe akiwa bado mtoto, kwa hivyo mtu akigusa Amina amenigusa mimi kwa macho. Na hasira yangu mnaijua, ni kama mkaa wa mgunga, haihitaji kupepewa. Basi Amina akaolewa na Guyo, mtu wa ng'ombe, mtu mpole, watu wao ni wa huko Sericho, na akazaa kijana, wakamwita Roba, na mimi nikahamia kwao hapa Isiolo nisaidie, na huyo mtoto akawa wangu nusu, ile nusu ya kukojoa.

Sasa shida ilianza na sukari.

Mzee Ali wa duka, mnamjua, alikuwa anafungia watu sukari na karatasi za vitabu vya zamani, anapasua ukurasa katikati, nusu hii sukari, nusu ile majani ya chai. Na mimi sijasoma sana (nilitoka darasa la tatu, halafu maziwa ya bure ya pakiti ikaletwa shuleni wakati mimi nishatoka, na hiyo bado inaniuma), lakini kusoma nilijifundisha mwenyewe na hizo karatasi, kila sukari ni somo. Siku moja nikafungua sukari nikakuta karatasi ya kitabu cha afya ya watoto. Imeandikwa: jino la kwanza, miezi sita, yale mawili ya mbele chini. Miezi minane, mawili ya mbele juu. Miezi kumi, ya kando. Halafu hapo imepasuka, na kitu ambacho kilikuwa chini yake mimi sikukitafuta hata, nani hutafuta majani ya chai ya mtu mwingine?

Nikabandika ile karatasi kwa ukuta na uji. Nikatangaza nyumba nzima kwamba Roba akifika miezi sita, jino, chini, mawili, kama basi la asubuhi. Amina akacheka akasema sawa daktari.

Miezi sita ikafika, hakuna. Saba, hakuna, ni mate tu, mate mpaka shati inakauka ikiwa ngumu, na anatafuna kila kitu, anatafuna leso, anatafuna kidole changu, anatafuna kona ya Kurani tukamnyang'anya haraka. Minane, hakuna. Na mtaa wetu, ambao hawawezi kukubaliana hata kama mwezi wa Ramadhani umeonekana, kwa jambo moja walikubaliana wote, Mborana, Mmeru, Mturkana, Msomali: mtoto akichelewa, ujue ataanzia meno ya juu, na akianzia juu, hiyo nyumba ina kitu. Hawasemi ni kitu gani. Wanasema tu kitu, halafu wanavuta midomo.

Na huko kwa kina Guyo kulikuwa na mzee mmoja wa fizi. Mtoto akichelewa anapelekwa kwake, anapasua fizi na sindano ametia motoni, ati anafungulia jino njia. Amina aliwahi kuona mtoto mmoja aliyefanyiwa hivyo, alikaa na homa wiki mbili, shavu limefura kama ameweka limau ndani, na tangu hiyo siku Amina akisikia jina la huyo mzee anamkumbatia Roba mpaka mtoto analia. Hicho ndicho kitu alikuwa anaogopa. Si kitu kingine. Alikuwa anaogopa mama mkwe wake asikie mtoto hana jino, aje amchukue ampeleke.

Basi siku moja niko mfereji, foleni ndefu, madebe yamepangwa mpaka barabarani, na mbele yangu ni Mama Kendi, yule wa kuuza miraa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mama Kendi si mtu mbaya (nitasema hivyo sasa, siku hiyo singesema), lakini mdomo wake hauna mlango. Akaniuliza mtoto wa dada yako ana miezi mingapi, nikamwambia minane inaenda tisa, akauliza meno, nikajifanya napanga debe langu. Sasa yeye akageukia wanawake wengine akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo inasikika mpaka msikitini kwamba huyo ni wa juu, mngoje tu muone, hiyo nyumba wataanza kufukiza ubani.

Hapo mkaa ukawaka.

Nikasema, "Mama Kendi, macho yako uliuza pamoja na miraa? Roba ana meno mbili. Chini. Mimi ndio nimeona kwanza, jana."

Hiyo tu. Maneno machache. Kama ningefunga mdomo, au hata ningemmwagia tu maji (nilifikiria), leo singekuwa na kitu cha kuwaambia.

Sasa lazima mwelewe kitu kimoja, ama hamtaelewa mkasa. Kwa ukoo wa Guyo, jino la kwanza lina desturi yake. Huruhusiwi kumfungua mtoto mdomo uchungulie, wanasema ni kuita husuda. Jino linasikika, halitazamwi. Nyanya wa mtoto, wao wanaita akoo, anakuja na kikombe cha bati, kilekile baba ya mtoto alinywea, anampa mtoto maziwa mbele ya watu, na watu wananyamaza kabisa, na jino likigonga kile kikombe, ting, ndio wanapiga vigelegele, mtoto amekuwa mtu. Na yule aliyeona jino kwanza bila kuchungulia, mtoto akicheka tu, ndiye anamshika mtoto hiyo siku. Heshima kubwa. Mimi hayo yote nilikuwa najua! Lakini Sericho ni mbali, barabara ni mchanga, nikasema habari itafia njiani.

Habari haikufia njiani. Ilipanda lori. Dereva mmoja wa kupeleka unga huko alikuwa anateka maji mfereji siku hiyohiyo, na alipofika Sericho kitu cha kwanza aliteremsha si unga, ni meno ya Roba. Siku kumi baadaye lori likarudi, na juu ya magunia ya ngozi amekaa Akoo mwenyewe, amejifunga kitambaa uso kwa vumbi, ameshika mbuzi jike kwa mkono mmoja na kikombe cha bati cha samawati kwa mkono mwingine, safari ya siku mbili, umri huo, na anacheka.

Amina alipomwona mlangoni alinitazama mimi. Nilikuwa nimeshamwambia nilichosema mfereji, na alikuwa amenikasirikia nusu siku halafu akanisamehe, kama kawaida yake, kwa sababu hata yeye alidhani itafia njiani. Guyo alikuwa ameenda Oldonyiro kununua mbuzi, hakuna wa kutusaidia. Akoo akasalimia nagaa, nagaa, akambeba Roba, akambusu kichwa, na kweli hakumfungua mdomo, akasema kesho baada ya sala ya Ijumaa watu waitwe. Halafu akasema polepole, akipangusa vumbi, kwamba njiani alikuwa amefurahi sana, kwa sababu kabla habari haijafika alikuwa ameshaongea na mzee wa fizi.

Amina akanivuta jikoni. "Rukia, mwambie ukweli."

"Nikimwambia ukweli anaondoka na mtoto."

"Na kesho kikombe kisipolia?"

Nikamwambia hiyo aniachie mimi, kitalia. (Hilo ndilo kosa la pili, na kosa la pili huwa na mguu mrefu kuliko la kwanza.)

Mpango wangu ulikuwa hivi, na msicheke kabla sijamaliza. Nilichukua kikopo kidogo cha bati cha mafuta ya kujipaka, nikakifunga tumboni chini ya leso, na kijiko cha chai mkononi, leso kubwa imefunika yote. Mtoto anakaa kwa mapaja yangu, mkono wa kushoto unamshika, wa kulia uko chini ya leso. Akoo akiweka kikombe mdomoni mwa mtoto, mimi nagonga kidogo, ting. Nilifanya mazoezi jikoni asubuhi nzima, mpaka ile mbuzi ya Akoo ikawa inanitazama.

Ijumaa watu wakajaa uwanjani. Nilikuwa nadhani watakuja wanawake sita au saba, kumbe mfereji mzima umekuja, na Mzee Ali amefunga duka amekuja, na Mama Kendi amekaa mbele kabisa, kwa kiti alichobeba kutoka kwake. Mimi katikati kwa mkeka, nimevaa leso mpya, nimekaa kama bibi arusi. Amina amesimama mlangoni, mkono kwa mdomo.

Akoo akapiga magoti mbele yangu na kile kikombe, maziwa ya ngamia ndani. Akaomba dua. Watu wakanyamaza, kimya mpaka unasikia nzi. Akaweka kikombe kwa mdomo wa Roba, na Roba, Mungu ambariki, akanywa kama ametoka safari.

Ting.

Akoo akafunga macho. Nikagonga tena, ting, na vigelegele vikapaa, wallahi vilifika sokoni, na hapo mimi nikafanya kitu ambacho kilinimaliza: nikageuka kumtazama Mama Kendi. Nilitaka kuona uso wake. Na uso wake ulikuwa mtamu kutazama, umefunguka mdomo, macho yametoka, na mimi nikasema moyoni mama, utajua leo, nikagonga ting, ting, kwa raha yangu, ting, namtazama yeye tu, na sikuona kwamba vigelegele vimeisha. Sikuona kwamba watu wamenyamaza. Nagonga tu.

Ndipo Mama Kendi akasema, polepole, bila hata ubaya, kama mtu anauliza njia: "Rukia, hilo jino linalia na nini, na kikombe iko kule?"

Nikageuka. Akoo alikuwa ameshasimama. Kikombe kiko mkononi mwake, juu, hatua tatu kutoka kwa mtoto. Na Roba amefunga mdomo, anasinzia. Na chini ya leso yangu jino bado linalia, ting, kwa sababu mkono haukuwa umepata habari.

Nikaruka kusimama, nikampa Amina mtoto, na nilipofanya hivyo fundo la leso likafunguka na kikopo kikaanguka kwa mawe, na kijiko juu yake, na kikopo kikaviringika, kikaviringika kwa utulivu wake wote, watu wakakiachia njia, mpaka kikasimama kwa mguu wa Akoo.

Basi ndipo nikakaa chini. Hiyo ndio wanaita kuzimia.

Kuna mtu alianza kucheka nyuma, halafu wote, Mzee Ali alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Akoo hakucheka. Akaokota kijiko akakitazama, halafu akamtazama Amina, si mimi, na akasema kwa Kiborana kitu ambacho kilimfanya Amina aanze kulia, na nikajua ni nini: funga nguo za mtoto.

Na mimi hapo aibu ikaisha kabisa, ikabaki ule mkaa. Nikasimama mbele ya mlango nikasema uwongo ni wangu peke yangu, Amina alinikataza, na kama ni kupasuliwa fizi na sindano, wanipasue mimi, nina nyingi. Nikasema imeandikwa, meno yana mwezi wake. Nikakimbia ndani nikabandua karatasi yangu ukutani, ikatoka na udongo, nikaisoma kwa sauti mbele ya wote: miezi sita, yale mawili ya mbele chini.

Akoo akauliza, "Na huyu ana ngapi?"

Tisa. Nikajiona nimejifunga kamba mwenyewe. Karatasi yangu ilikuwa inasema mtoto amechelewa, kwa maandishi.

Sasa aliyeniokoa hamtaamini. Ni Mama Kendi. Alisimama kwa kile kiti chake akaniuliza kwani karatasi inaishia hapo, mbona imepasuka, na akamgeukia Mzee Ali akamwambia wewe ndio unapasua, nusu ingine iko wapi? Mzee Ali akafikiria, akasema nusu za majani ya chai haziishi haraka kama za sukari, ziko kwa msumari. Akanipa ufunguo. Nikatembea mpaka dukani na nusu ya watoto wa mtaa nyuma yangu, wameshapata vijiko tayari, sijui wapi, wananipigia ting ting kila hatua, na mimi nalia na natembea, nikapekua zile karatasi kwa msumari moja moja mpaka mkono ukanuka chai, na ikawa hapo. Nikaziunganisha kwa goti, mpasuko kwa mpasuko, zikakubali.

Nikarudi nikasoma. Imeandikwa watoto wengine humaliza mwaka mzima, hata zaidi, bila jino, na si ugonjwa. Wengine huanzia juu, na hiyo pia ni sawa. Fizi isikatwe wala isitobolewe. Mwaka na kidogo, magego ya kwanza. Halafu chonge. Halafu miaka miwili na kitu, magego ya nyuma, na kufikia miaka mitatu yote ishirini.

Akoo akauliza nani ameandika. Nikasema daktari. Akauliza huyo daktari amezaa wangapi. Nikasema haijaandikwa. Watu wakacheka tena, na hii mara Akoo mwenyewe mdomo ukacheza kidogo.

Mama Kendi akasema, bila kuulizwa, kwamba Kendi wake alipata jino la kwanza akiwa na mwaka na mwezi mmoja, na sasa anapasua muwa na meno. Nikamtazama. Miaka yote hiyo hakuwahi kusema! Alikuwa anaficha, kama sisi tu.

Akoo akakaa kwa mkeka, akatoa viatu. Akasema sawa, yeye hatamchukua mtoto, lakini pia haondoki. Atangoja jino hapahapa, miezi miwili, na lisipotoka atampeleka, karatasi au hakuna karatasi. Na atalala chumba cha Rukia, ili Rukia asipate nafasi ya kuota lingine.

Basi nikaishi na Akoo. Anakoroma kama lori kwa mchanga, chai yake lazima iwe na maziwa mengi na chumvi, na kila asubuhi ananiuliza "Kijiko, umeamka?" maana hilo ndilo jina alinipa, na mtaa ukalichukua. Lakini nitawaambia ukweli, nilimpenda. Mchana tunakaa jikoni mlangoni, yeye anasuka maziwa kwa kibuyu, mimi namsomea karatasi za sukari, na anabishana na kila moja.

Mwezi mmoja na nusu ulikuwa umepita. Asubuhi, Guyo yuko kwa ng'ombe wake, Amina ameenda mfereji, mimi na Akoo na Roba tu. Akoo anampa mtoto uji kwa kile kikombe cha samawati. Na kikombe kikalia.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwa unga, naapa, na Akoo aliitazama kwanza kuhakikisha. Halafu akafanya kitu ambacho desturi inakataa. Akainua mdomo wa mtoto kwa kidole, kidogo tu, tukaona wote wawili. Jino moja, jeupe, ncha kama punje ya mchele.

Juu.

Akoo akashusha ule mdomo polepole, kama mtu anafunika sufuria. Nikamkumbusha karatasi imesema ni sawa. Akasema anajua imesema.

"Lakini karatasi haikai mtaa huu, Kijiko. Mtoto ndiye anakaa."

Halafu akaniuliza, akiendelea kumpa uji, sasa kwa mkono, bila kikombe, "Wewe umesikia kitu?"

"Sijasikia kitu, Akoo."

"Hata mimi. Masikio ya uzee."

Siku tisa tulimlisha huyo mtoto kwa mkono. Akicheka mbele ya watu, mmoja wetu anampangusa mate. Amina mwenyewe tulimwambia usiku wa pili, akakaa chini akacheka mpaka akalia, na yeye pia akaanza kupangusa. Siku ya kumi yakatoka ya chini, mawili pamoja, na Akoo akaita watu wote, akamtaka Mama Kendi akae mbele na kiti chake, na kikombe kikalia chenyewe, na mimi nilimshika mtoto mikono ikiwa juu ya leso, wazi, wote waione. Mama Kendi ndiye alianza vigelegele.

Sasa Roba amefika miaka mitatu. Magego yalikuja kabla ya chonge, sawasawa na ile nusu ya majani ya chai, na ya nyuma kabisa yalitusumbua kwa homa kidogo na kulia kwingi, halafu yakaisha. Juzi nimehesabu, ishirini, na la ishirini nililijua kwa kuumwa nalo. Akoo alirudi kwao zamani, hutuma maziwa na lori, na alinipa ruhusa siku anapanda: akifika ishirini, alisema, ropoka, hakuna atakayeweza kuonyesha lipi lilitangulia. Ndiyo maana naropoka.

Amina ana mwingine sasa, msichana, miezi minne, mate yameanza. Juzi mfereji Mama Kendi ameniuliza, mbele ya foleni nzima, huyu naye ana mangapi, na kila mtu akaacha debe lake akanitazama. Nikamwambia akamuulize Mzee Ali, mimi nimekuja maji. Kwa sababu nimeapa, na naapa tena mbele yenu: sitasema tena nimeona kitu ambacho sijaona. Lakini kitu ambacho nimeona, na Akoo ameona, hiyo, kabla ya kusema, tutaangalia kwanza kama ni chini.